Msuko usioumiza: mwongozo wa kukuza na kutunza nywele za asili, kutoka Gisenyi

Kila siku wanawake wengi huvuka Petite Barrière, kituo cha mpakani kinachounganisha mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu nchini Rwanda, na jiji la Goma katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Wako waliobeba nyanya, vitunguu na maharage vichwani, wako wanaokwenda kununua, na wako wanaotembelea ndugu. Wengi wao wamesuka: mistari iliyolala kuelekea kisogoni, rasta ndefu zilizofungwa kwa nyuma, au misuko iliyofichwa chini ya kilemba.

Sababu za kusuka zinajulikana. Ya kwanza ni urembo. Ya pili ni nafuu ya muda, kwa kuwa anayeamka alfajiri kuwahi soko hana nafasi ya kuchana nywele kila siku. Ya tatu ni imani kwamba msuko hukuza nywele. Sababu mbili za kwanza hazina ubishi. Ya tatu ina nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki imewagharimu wanawake wengi nywele za pembezoni mwa uso.

Msuko haukuzi nywele. Unachoweza kufanya ni kuzikinga zisikatike, ili urefu uliokwisha kuota ubaki. Lakini ukikazwa kupita kiasi, ukikaa muda mrefu mno, au ukisukwa juu ya nywele zilizodhoofishwa na dawa, msuko huohuo hung'oa kile ulichokusudiwa kukilinda. Wakati mwingine nywele hizo hazioti tena.

Makala hii inaeleza namna nywele za asili zinavyokua, misuko ipi huzikinga, na jinsi ya kutambua msuko unaodhuru kabla madhara hayajawa ya kudumu.

Kwa nini nywele za asili hukatika upesi

Nywele za Waafrika walio wengi hutoka kwenye mizizi iliyopinda, na ndiyo maana huota zikiwa zimejikunja. Kila mahali unywele unapojikunja pana udhaifu, na hapo ndipo hukatika unapovutwa na chanuo. Mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa nayo hushuka kwa shida kwenye unywele wenye kona nyingi. Matokeo yake, nywele za mzizini huwa na unyevu, ilhali ncha hubaki kavu na dhaifu.

Kasi ya ukuaji nayo ina tofauti. Utafiti wa Geneviève Loussouarn, uliochapishwa mwaka 2001, ulibaini kwamba nywele za Waafrika waliopimwa zilikua kwa wastani wa takriban milimita 0.26 kwa siku, ikilinganishwa na takriban milimita 0.4 kwa Wazungu. Kwa hesabu hiyo, mwanamke mwenye nywele za aina hii hupata karibu milimita 8 kwa mwezi, au sentimita 9 na zaidi kidogo kwa mwaka.

Maana yake ni kwamba anayesema nywele zake hazikui, mara nyingi hasemi kilichotokea hasa. Zinakua, ila zinakatika nchani kwa kasi ileile zinayoota mzizini. Kazi ya utunzaji ni kupunguza kukatika huko.

Kila unywele pia una umri wake. Hukua kwa miaka 2 hadi 6, kisha hupumzika kwa miezi michache, halafu hudondoka na kuacha nafasi kwa mwingine. Mtu mwenye afya hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku. Zikiwa zimesukwa, nywele hizo hubaki zimenaswa ndani ya msuko. Anayefumua baada ya wiki 6 anaweza kukusanya nywele zaidi ya 2,000 mkononi bila kuwa na tatizo lolote.

Njia rahisi ya kutofautisha ni kuutazama unywele wenyewe. Uliodondoka kwa kawaida huwa mrefu na una kidoa cheupe upande mmoja. Uliokatika huwa mfupi, hauna kidoa hicho, na huashiria ukavu, msuguano au kuvutwa.

Misuko ipi huitwa ya kinga?

Msuko wa kinga ni mtindo wowote unaoficha ncha za nywele, kupunguza kuchanwa kwake kila siku na kuziepusha na msuguano wa nguo, jua na vumbi. Mitindo inayopatikana katika saluni za Gisenyi, Goma na miji mingine ya Afrika Mashariki ni mingi, na haina uzito sawa kichwani.

- Mabutu na mafundo ya nywele zenyewe: Nywele hugawanywa katika mafungu machache na kusukwa au kufungwa bila kuongezwa kitu. Ni mtindo mwepesi kuliko yote, na unafaa kwa watoto na kwa aliyetoka kufumua rasta.

- Kusokota: Mafungu mawili ya nywele huzungushwa pamoja. Husokotwa haraka, hufumuliwa kwa urahisi, na huvuta mzizi kidogo kuliko msuko wa mafungu matatu.

- Mistari: Watanzania huuita mtindo wake wa kawaida kabisa "twende kilioni", na Wakenya husema matuta. Bila nywele za bandia na bila kukazwa, ni kinga nzuri. Mistari myembamba mno huvuta zaidi, kwa kuwa kila mstari hubebwa na nywele chache.

- Kusuka kwa uzi: Ni njia ya kale iliyoenea barani Afrika. Uzi huzungushiwa fungu la nywele kutoka mzizini hadi nchani, na nywele hunyooka bila moto wala dawa. Hatari yake ni uzi kukazwa sana pale mwanzoni.

- Rasta: Nywele za bandia huongezwa ili kupata urefu na ujazo. Zikiwa ndefu na nzito, uzito wote hubebwa na mizizi. Ule mtindo mpya usio na fundo mwanzoni, ambao nywele za bandia huongezwa taratibu kadiri msuko unavyoshuka, hupunguza mvuto huo.

- Dredi: Hazihitaji kufumuliwa wala kuchanwa. Tatizo huja pale zinaposokotwa upya mara kwa mara kwenye mizizi, au zinapokuwa nzito kwa urefu.

- Wigi na nywele za kushonea: Kinga yake hutegemea kilicho chini. Mistari iliyokazwa chini ya wigi, gundi inayopakwa pembezoni mwa uso, au utepe unaobana paji la uso vinaweza kuleta madhara yasiyoonekana mpaka siku ya kuvua.

Rwanda kabla ya rasta

Katika saluni za Gisenyi neno lenyewe halihitaji mkalimani: Kinyarwanda husema gusuka, Kiswahili husema kusuka. Kiswahili, ambacho kwa muda mrefu kimekuwa lugha ya biashara katika mji huu wa mpakani, kilipitishwa na bunge la Rwanda kuwa mojawapo ya lugha rasmi mwaka 2017.

Lakini mtindo mashuhuri zaidi wa jadi nchini humo haukuwa wa kusuka. Ni amasunzu, ambao nywele ziliachwa zikue, kisha zikakatwa na kuchongwa kuwa matuta yaliyopinda juu ya kichwa, huku sehemu nyingine zikinyolewa au kupunguzwa. Wanaume waliuvaa, na wasichana ambao hawajaolewa waliuvaa kuonyesha kwamba wamefikia umri wa kuolewa. Mwanamke aliyekuwa mama alijulikana kwa urugori, utepe wa bua la mtama uliozungushwa kichwani.

Mwaka 2018 mtindo huo ulirudi katika macho ya dunia pale mwigizaji wa Kenya Lupita Nyong'o alipohudhuria tuzo za Oscar akiwa na nywele zilizotengenezwa kwa kuiga amasunzu.

Kwa anayetaka kutunza nywele, amasunzu lina funzo moja. Ujazo na umbo lake vilitoka kwenye nywele za mtu mwenyewe. Hapakuwa na uzito ulioongezwa, wala nywele za pembezoni hazikuvutwa kuelekea kisogoni.

Maumivu ni onyo

Madaktari wa ngozi wanaufahamu vyema upotevu wa nywele unaotokana na kuvutwa kwa muda mrefu. Ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1907, na si barani Afrika: wagonjwa walikuwa wanawake wa Greenland waliokuwa wakifunga nywele zao kwa kuzikaza sana. Kwa hiyo si udhaifu wa nywele za Mwafrika. Ni matokeo ya nguvu inayowekwa kwenye mzizi, wa mtu yeyote yule.

Hata hivyo, mitindo inayopendwa Afrika huwaweka wanawake wengi katika hatari hiyo. Tafiti zilizofanywa mjini Cape Town, Afrika Kusini, na Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake zilikuta dalili zake kwa karibu mwanamke mmoja kati ya watatu waliochunguzwa. Kwa wasichana wa shule walikuwa asilimia 17.

Tafiti hizo pia zilionyesha kwamba hatari huongezeka pale misuko inapowekwa juu ya nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha. Dawa hiyo huvunja viungo vinavyoupa unywele uimara wake. Kuukaza unywele uliokwisha kudhoofika ni kuudhuru mara mbili.

Tatizo huanza polepole, na kwa kawaida hupitia hatua hizi:

- Maumivu, mwasho au ngozi ya kichwa kuvutika baada ya kusuka.
- Vipele vidogo, wakati mwingine vyenye usaha, kwenye mistari na pembezoni mwa uso.
- Nywele fupi zilizokatika kuzunguka paji la uso na juu ya masikio.
- Nywele za mbele kupungua, huku mstari mwembamba wa nywele laini ukibaki pembezoni kabisa.
- Ngozi kuwa laini na yenye kung'aa, bila vitundu vya nywele. Hapo mzizi umekwisha kufa na kovu limechukua nafasi yake.

Tofauti kati ya hatua za mwanzo na ya mwisho ndiyo msingi wa mwongozo huu. Katika hatua za mwanzo, kuacha kuvuta kunatosha kwa nywele kurudi, ingawa huchukua miezi. Katika hatua ya mwisho hakuna mafuta, maji ya kitunguu wala dawa ya kupaka itakayofufua mzizi ulio chini ya kovu.

Kinachofanya wengi wafike huko ni mazoea. Mteja anataka msuko udumu kwa sababu umemgharimu fedha na saa nyingi za kukaa kwenye kiti. Msusi naye anajua kuwa msuko ukilegea baada ya wiki mbili, sifa yake itaharibika mtaani. Wote wawili hukubaliana kimya kimya kwamba msuko mzuri ni uliokazwa. Anayeumia huambiwa avumilie, na humeza dawa ya maumivu usiku wa kwanza.

Makubaliano hayo yanaweza kubadilishwa kwa sentensi moja inayosemwa mapema, kabla mstari wa kwanza haujakamilika: "Dada, hapa mbele nilegezee, hata kama hautadumu." Msusi stadi hatachukizwa. Kinyume chake, mteja anayebaki na nywele zake ndiye atakayerudi kusuka mwaka ujao.

Kabla, wakati na baada ya kusuka

Kabla ya kusuka, nywele zioshwe kwa shampuu, zitiwe kondishena na zichambuliwe taratibu kwa vidole au chanuo lenye meno mapana, kuanzia nchani kupanda mzizini. Nywele za asili zisichanwe zikiwa kavu kabisa. Anayetaka kuzipa joto ili kondishena ipenye anaweza kutumia taulo iliyolowekwa maji ya moto na kukamuliwa. Mfuko wa plastiki unaotumiwa na wengi kwingineko ulipigwa marufuku nchini Rwanda tangu mwaka 2008. Ncha zilizopasuka zipunguzwe, na nywele zikauke kabla ya kusukwa.

Wakati wa kusuka, mambo manne huamua usalama wa mizizi:

- Ukubwa wa mafungu: Mafungu makubwa kiasi hugawana uzito kwa nywele nyingi zaidi.
- Urefu na ujazo wa nywele za bandia: Kadiri zinavyozidi, ndivyo mzizi unavyobeba zaidi.
- Pembezoni mwa uso: Nywele laini za mbele ziachwe nje ya msuko. Kuzikusanya kwa jeli na kuzivuta ili mstari uonekane safi ndiko kunakoziua kwanza.
- Maumivu: Yakianza, mstari huo ufumuliwe na urudiwe. Kusubiri uzoeleke si suluhisho.

Baada ya kusuka, msuko haupaswi kufungwa kwa juu katika siku za mwanzo, wakati mizizi bado imevutika. Usiku nywele zifunikwe kwa kitambaa cha satini au hariri, kwa kuwa pamba hunyonya unyevu na kusugua nywele. Ngozi ya kichwa ioshwe. Madaktari wa ngozi nchini Marekani hushauri wenye nywele za asili ya Kiafrika kuziosha mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili, na kuwa na msuko hakuondoi haja hiyo. Shampuu iliyochanganywa na maji katika chupa yenye mdomo mwembamba hufika kwenye mistari bila kuvuruga msuko. Muhimu ni kuusuuza vizuri na kuukausha hadi ndani, maana msuko unaobaki na unyevu hunuka na kuchochea fangasi.

Muda wa kukaa nao una kikomo. Nywele za kushonea zifumuliwe kati ya wiki 6 na 8, na rasta zisizidi miezi 2 hadi 3. Mistari na misokoto isiyo na nywele za bandia hufaa kwa wiki 1 hadi 4. Kinachofuata hakipaswi kuwa msuko mwingine siku hiyohiyo. Mizizi ipewe angalau wiki moja au mbili za kupumzika, na mtindo unaofuata uelekeze nywele upande mwingine, ili sehemu ileile isivutwe mwaka mzima.

Kofia ya pikipiki, ngata, vumbi na ziwa

Maisha ya Gisenyi yana mazingira yake, na kila moja ya hali hizi huzigusa nywele.

Abiria wa pikipiki nchini Rwanda analazimika kuvaa kofia ngumu. Kofia hiyo huvaliwa na watu wengi kwa siku moja, na husugua paji la uso na masikio, yaani palepale ambapo nywele ni dhaifu zaidi. Kitambaa chepesi na laini kinachovaliwa chini yake hufanya kazi mbili: hupunguza msuguano, na hutenganisha ngozi ya kichwa na jasho la wengine. Rasta zifungwe chini, usawa wa shingo, kwa sababu fundo lililo juu ya kichwa husukumwa na kofia na kuvuta mizizi. Usalama nao ni hoja: kofia isiyoingia vizuri kwa sababu ya fundo haiwezi kumlinda aliyeivaa.

Kwa wafanyabiashara wanaobeba mizigo kichwani, utosi ndio unaoathirika. Ngata, ambayo Wanyarwanda huiita ingata, hutuliza mzigo lakini husugua msuko kwa kila hatua. Kwa anayebeba kila siku, mistari iliyolala humfaa kuliko rasta zenye mafundo, na kilemba laini kati ya ngata na nywele husaidia.

Vumbi huwa kubwa katika kiangazi kirefu cha Juni hadi Agosti, ambacho Wanyarwanda hukiita impeshyi. Vumbi likichanganyika na mafuta mazito huwa utando unaoziba mistari. Katika miezi hiyo ni bora kutumia maji yenye kondishena kidogo yaliyo katika chupa ya kupulizia, kisha mafuta mepesi, kuliko kurundika mafuta ya mgando juu ya vumbi. Katika miezi ya mvua tatizo hugeuka: misuko hulowa na kuchelewa kukauka, na msuko mwembamba hufaa zaidi ya ule mnene.

Wanaoogelea katika Ziwa Kivu au kukaa kwenye chemchemi za maji moto za Nyamyumba wanashauriwa kuzilowesha nywele kwa maji safi kabla ya kuingia, kwa kuwa unywele uliokwisha kushiba maji hunyonya kidogo zaidi, na kuzisuuza mara tu watokapo.

Nywele za bandia, maji ya moto na dawa

Nywele za bandia za kusukia hutengenezwa kwa nyuzi za plastiki. Baadhi ya watu huwashwa nazo kichwani na shingoni, hasa siku za mwanzo. Kuziloweka na kuzisuuza kabla ya kuzitumia hupunguza mwasho huo kwa baadhi yao. Mwaka 2025 shirika la Marekani la kutetea walaji, Consumer Reports, lilipima bidhaa 10 za aina hiyo zinazouzwa nchini humo. Zote zilikutwa na kemikali zinazohusishwa na saratani, na 9 kati yake zilikuwa na madini ya risasi. Kipimo hicho hakithibitishi kwamba anayesuka atadhurika, lakini ni sababu nyingine ya kutumia nywele chache zaidi na kwa muda mfupi zaidi.

Hatari iliyo karibu zaidi ni maji ya moto yanayotumiwa kulainisha ncha za rasta. Mgongo, mabega na mapaja ya mteja yanaweza kuungua kwa dakika moja ya uzembe. Ncha zichovywe zikiwa mbali na mwili, taulo nene iwe mabegani, na watoto wasiwe karibu.

Kuhusu dawa za kulainisha nywele, utafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani uliotolewa Oktoba 2022 ulikadiria kwamba hatari ya saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70 ni asilimia 1.64 kwa wasiotumia bidhaa za kunyoosha nywele, na asilimia 4.05 kwa wanaozitumia mara kwa mara. Uhusiano huo hautoshi kusema dawa hizo ndizo chanzo, na watafiti wenyewe walitaka uchunguzi zaidi. Kwa anayezitumia, ushauri wa madaktari wa ngozi ni mmoja: zisifuatiwe na msuko wa kukaza.

Mafuta gani yanafaa?

Hakuna mafuta ambayo yamethibitishwa kuharakisha ukuaji wa nywele za mtu mwenye afya. Mafuta ya nyonyo, yanayosifiwa sana masokoni, hulainisha na kung'arisha, lakini hayana ushahidi thabiti wa kukuza.

Mafuta ya nazi yana ushahidi wa jambo tofauti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, na ukaona kwamba ya nazi pekee ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini kwenye nywele yalipopakwa kabla au baada ya kuosha. Mafuta ya parachichi, tunda linalopatikana kwa wingi nchini Rwanda, hufaa kuzuia unyevu usipotee. Kanuni ni kwamba mafuta hayaleti unyevu, bali huuhifadhi. Kwa hiyo maji hutangulia, mafuta hufuata.

Watoto

Mizizi ya nywele za mtoto ni laini zaidi, na mtoto huona aibu au huogopa kusema anaumia. Wanafunzi wengi nchini Rwanda hukata nywele wakati wa masomo, kwa hiyo misuko huja likizoni na kwenye sherehe, mara nyingi ikiwa na nywele za bandia na shanga nzito. Kwa mtoto, mabutu makubwa au mistari michache isiyo na nyongeza yanatosha. Mtoto anayelia akisukwa ana haki ya kusikilizwa.

Wazazi wawe macho pia na mapunye, fangasi wa ngozi ya kichwa anayeonekana kama viraka vyenye magamba na nywele zilizokatika. Huambukizwa kwa machanuo, mashine za kunyolea na kofia zinazotumiwa na watu wengi. Dawa ya kupaka peke yake haitoshi. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza atakayoandikiwa na mhudumu wa afya, na hapaswi kusukwa mpaka apone.

Lini umwone mhudumu wa afya

Si kila upotevu wa nywele unatokana na msuko. Wanawake wengi hupoteza nywele nyingi miezi 2 hadi 4 baada ya kujifungua, na kwa kawaida hurudi zenyewe. Upungufu wa madini ya chuma, maradhi ya tezi ya shingo, homa kali na msongo wa mawazo pia huweza kuwa chanzo. Mtu amwone mhudumu wa afya iwapo:

- nywele zinapungua kuanzia utosini na eneo hilo linapanuka;
- kuna usaha, vidonda au maumivu yasiyoisha baada ya msuko kufumuliwa;
- kuna viraka vya mviringo visivyo na nywele;
- nywele za mbele hazijaanza kurudi miezi 3 hadi 6 baada ya kuacha misuko ya kukaza.

Nchini Rwanda safari hiyo huanzia kituo cha afya, ambako mwenye bima ya jamii ya Mutuelle de Santé hupewa rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya, na kutoka hapo, ikibidi, kwa daktari bingwa wa ngozi. Ni vyema kwenda nywele zikiwa zimefumuliwa, ili ngozi ya kichwa ionekane.

Kabla ya kufika huko, kuna kipimo ambacho kila mwanamke anaweza kukifanya nyumbani, bila gharama, usiku wa kwanza baada ya kusuka. Akiweza kuinua nyusi bila ngozi ya paji kuvutika, na akaweza kulaza kichwa kwenye mto bila maumivu, msuko huo unamlinda. Akishindwa, unafaa kulegezwa au kufumuliwa asubuhi inayofuata, hata kama umelipiwa jana.